Hadithi Inayoanzia Uwanja wa Ndege

Msomaji, hebu tuambizane ukweli. Hadithi za vijana wetu kuhusu kwenda majuu zimekuwa kama sare ya shule. Daktari au muuguzi anapanda ndege, anatua London, anaishia kuosha vyombo, kisha anarudishwa ndani ya jeneza. Tamaa mbaya! Mwandishi anaweka kalamu chini, kaionya jamii. Jamani, ndiyo basi?

Mie niko Kasulu, na juzi nimesoma mswada wa kijana wa Kibondo wenye mkasa huohuo. Lugha anayo, simnyimi haki yake. Lakini muuguzi wake hana kazi. Maana yangu ni kwamba hatumwoni kazini hata siku moja: zamu ya usiku wako wangapi wodini, mshahara unafika lini, hatujui. Tunaambiwa tu alipenda fahari. Mtu asome miaka yote ile, aache kwao kwa ajili ya fahari? Siamini.

Ajabu ni kwamba mwandishi anatoka mahali penye kisa kizito kuliko hicho cha London. Kuondoka Uha hakukuanza na ndege. Enzi za Mwingereza mkoa huu ulifanywa ghala la vibarua. Waha wakapelekwa mashamba ya mkonge ya Tanga, kila mtu na namba yake, ndiyo maana wakaitwa manamba. Hao walikuwa na mikono tu. Na wenye vyeti je? Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa Burundi, wakimbizi wakamiminika Kibondo na Kasulu. 1996 ikafunguliwa Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Mashirika yakaja na magari, redio za upepo na mishahara ambayo serikali haikuiweza. Wauguzi, walimu, madereva wakaacha kazi za wilaya wakaingia kambini. Hakuna pasipoti wala viza. Mtu kahama na bado analala kwao! Pengo wodini ni lilelile ambalo leo tunailaumu Ulaya. Halafu kambi zikafungwa, Mtabila 2012, Mtendeli 2021. Aliyekwisha kujua kazi yake ina thamani gani, arudi kwenye mshahara wa zamani huku akiimba?

Hapo ndipo penye riwaya, bwana, na kijana wetu kapita juu yake kwa ndege.

Tena huyu muuguzi tunamwita msaliti, mbona Kezilahabi hatumwiti hivyo? Mwana wa Ukerewe, aliyetupa Rosa Mistika, alitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1990 akaenda kufundisha Botswana. Said Ahmed Mohamed naye kafundisha Ujerumani. Hao tunasema walipata kazi. Wa Kibondo ndiye mwenye tamaa, kwa kuwa ni mwanamke na hajaandika kitabu?

Mahali pamoja tu mswada huu ulinikamata. Usiku wa kuagana baba anauliza, "Sasa mwanangu, mie nikiugua hapa, nani atanichoma sindano?" Binti hajibu, anaendelea kukunja nguo. Mistari miwili! Ukifunua ukurasa, tumeshafika uwanja wa ndege.