Python kwenye laptopu ya mtumba: kazi ilivyofanyika Rudewa

Laptopu yenyewe ni ya mtumba: RAM ya GB 2, Windows 7 ya biti 32, betri isiyokaa na chaji. Mwenye nayo ni kijana wa Rudewa, wilayani Kilosa, aliyemaliza kidato cha nne na sasa anataka kujifunza kuandika programu. Mashine za namna hii ndizo mzazi anayelima mpunga na mahindi kandokando ya barabara ya Dumila–Kilosa anazozimudu, na maelekezo mengi yaliyoko mtandaoni hayakuandikwa kwa ajili ya mashine hizo.

Ushauri wa kwanza anaokutana nao kijana ni kupakua toleo jipya kabisa la Python, lugha ya kuandikia programu, pamoja na kihariri cha VS Code. Akiufuata, bando litaisha na mkononi hatakuwa na kitu. Tangu toleo la 3.9, lililotoka 2020, Python haiikubali Windows 7. VS Code nayo iliiacha baada ya toleo la 1.70 la mwaka 2022. Wapo wanaolazimisha kwa kunakili folda nzima ya Python kutoka kompyuta ya rafiki. Wakiiwasha, Windows inalalamika kuwa faili liitwalo api-ms-win-core-path-l1-1-0.dll halipo, nao wanaingia mtandaoni kulitafuta kwenye tovuti wasizozijua. Hapo wanajitafutia virusi bure, maana faili hilo ni sehemu ya Windows za baadaye; tatizo ni toleo la Python, wala si kompyuta kupungukiwa kitu.

Kwa hiyo kazi ilianza kwa kuiuliza mashine. Unabofya Computer kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua Properties, unasoma mambo mawili: biti ni 32 au 64, na je, Service Pack 1 imo? Ilikuwemo. Bila hiyo hata Python 3.8 inagoma. Jibu likawa 3.8.10 ya biti 32, toleo la Mei 2021, la mwisho katika mfululizo wa 3.8 kutolewa na kisakinishi cha Windows. Faili halifiki MB 30.

Lilipakuliwa steshenari mjini Kilosa na kuletwa kwa flashi. Flashi za steshenari hupita kwenye kompyuta nyingi, kwa hiyo kabla ya kuligusa tuliandika certutil -hashfile python-3.8.10.exe MD5 kwenye dirisha jeusi la amri, tukalinganisha herufi na tarakimu zilizotoka na zile zilizochapishwa python.org, zilizonakiliwa kwenye simu. Zikilingana, faili halikuharibika njiani. Ni hatua ya dakika moja, na sioni sababu ya kuiruka.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa kisakinishi, chini kabisa, kuna kisanduku cha kuiingiza Python kwenye PATH. Kinakuja bila tiki. Wanaoanza wanabofya Install Now wakiwa na hamu, kisha wanaandika python na kujibiwa kwamba amri hiyo haitambuliki. Wanaamini usakinishaji umeharibika, wanafuta, wanaanza upya. PATH ni orodha ya folda ambazo Windows huzipekua inapopewa amri. Python ipo, ila folda yake haimo kwenye orodha. Weka tiki kwanza. Aliyeshasahau ajaribu kuandika py, kwa kuwa kizinduzi hicho kwa kawaida huwekwa ndani ya folda ya Windows, ambayo tayari imo.

Kipimo changu cha mazingira yaliyokamilika ni faili lililohifadhiwa, likafungwa, likafunguliwa tena na kufanya kazi. Kuandika print("Habari") mara moja hakutoshi. Kijana aliandika hesabu ya mauzo ya mpunga, gunia mara bei, kwa Notepad, akaliita faili mauzo.py. Halikuendeshwa. Windows huficha viambishi vya majina ya mafaili, na jina halisi lilikuwa mauzo.py.txt. Tuliingia Folder Options, tukaondoa tiki inayoficha viambishi, na kosa likaonekana kwa macho. Baada ya hapo aliachana na Notepad, akahamia IDLE, kihariri kinachokuja ndani ya Python yenyewe na kisichoielemea RAM ya GB 2. Thonny, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu nchini Estonia mahsusi kwa wanaoanza, nayo ingefaa, lakini ingemaanisha faili jingine la kupakua.

Python 3.8 iliacha kupata marekebisho ya usalama Oktoba 2024, na Windows 7 Januari 2020. Kwa kujifunzia bila mtandao inatosha. Kwa kuendeshea tovuti ya watu, hapana, na kijana aliambiwa hivyo waziwazi. Faida moja ya toleo hili wengi hawaijui: kisakinishi chake kinabeba mwongozo kamili wa Python. Ukiwa IDLE unabonyeza F1, unafunguka papo hapo, hata pasipo bando. Umeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo tulianza na sura ya mafunzo, aya moja moja, naye akiandika maelezo yake ya Kiswahili kwenye daftari.