Ngiri alipogeuka Pumbaa

Juma lililopita nilikaa zaidi ya saa tatu katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, kule Port Reitz, nikingoja ndege ya Nairobi. Tulikuwa tumeondoka Kisauni alfajiri, tukavuka Daraja la Nyali, tukapita kisiwani hadi Makupa na Changamwe, nami nikimhimiza dereva kama mtu anayekwenda kuapishwa. Kumbe wa kuchelewa hakuwa mimi, bali ndege. Mwenzangu safarini alikuwa mjukuu wangu wa miaka saba, mzaliwa wa Nairobi, aliyekuja kwetu likizoni na sasa namrudisha kwa wazazi wake.

Msomaji, saa tatu na mtoto wa miaka saba ni ndefu kuliko kikao cha seneti ya chuo kikuu. Tulihesabu masanduku hadi tukachoka. Mwishowe tukaingia kwenye duka la vinyago na fulana. Ukutani, kama ilivyo ada, zilitundikwa fulana zenye maneno yale ambayo mtalii haruhusiwi na dhamiri yake kuondoka pwani bila kuyavaa: Hakuna Matata. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kukunja uso wangu wa kiprofesa, mtoto akanivuta mkono.

"Babu, cheki! Mapumbaa wawili!"

Nikatazama. Kwenye rafu palikuwa na vinyago viwili vya ngiri, pembe za midomoni zimechomoza, mikia juu.

"Hao ni ngiri, mwanangu."

"Zii, Babu. Ni mapumbaa." Kisha akaniuliza kwa upole, kama anayemsaidia mzee aliyekosea: "Ngiri ndio nini?"

Kwa wale ambao hawajajaliwa wajukuu, Pumbaa ni yule ngiri mnene wa filamu ya katuni ya The Lion King, iliyotolewa na kampuni ya Disney mwaka 1994. Humo wahusika kadhaa huitwa kwa Kiswahili, kisha wote wakazungumza Kiingereza. Simba ni simba. Rafiki ni rafiki, japo ni nyani. Mmoja wa fisi anaitwa Shenzi, na mama yake Simba ni Sarabi, yaani mazigazi, yale maji ya uongo yanayoonekana mbali wakati wa jua kali.

Lakini Pumbaa ana kisa chake kisarufi. Jina lake si nomino hata kidogo. Ni kitenzi, tena kikiwa katika hali ya kuamrisha. Kila rafiki yake Timon anapomwita, kwa sikio la Mswahili anampa amri: Pumbaa! Yaani simama hapo, toa macho, potewa na akili. Na maskini ngiri anaitika! Nyumbani kwetu, ukimwita mtu kwa neno ambalo ni jirani wa karibu wa "mpumbavu", jiandae kukimbia.

Mashabiki wa filamu hii nao ni watu wa ajabu. Shabiki wa kweli, awe wa katuni au wa kandanda, hawezi kuvumilia jina lisilo na maana. Asipoipata, huibuni. Nimeziona orodha za mashabiki zinazosema kwamba Nala ni "zawadi" kwa Kiswahili. Kwetu zawadi ni zawadi, au tunu, au hidaya. Nala simjui. Hata hivyo wako wazazi wanaowapa binti zao jina hilo wakiamini wamechota katika kisima chetu.

Kuhusu hayo maneno ya kwenye fulana, hasira yangu ni ya miaka mingi. "Matata" ni neno letu halali. Ndoa huwa na matata, mtoto mtundu huitwa mtoto matata. Lakini wazee walionilea Kisauni, mgeni akiwaomba radhi, walijibu "si neno" au "haidhuru". "Hakuna matata" ilipata mbawa mwaka 1982 kwa wimbo Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms, vijana wa papa hapa pwani, ulionuiwa kuwakaribisha watalii. Miaka 12 baadaye filamu ikaibeba hadi kila pembe ya dunia. Kampuni ikaomba nchini Marekani kuisajili kuwa alama yake ya biashara kwenye mavazi, na mwaka 2003 ikakubaliwa. Habari hizo zilipoenea mwishoni mwa 2018, zaidi ya watu 100,000 walitia sahihi kupinga. Nami nilitia yangu, kwa ghadhabu kubwa, kwenye waraka ulioandikwa kwa Kiingereza.

Basi pale dukani nilikuwa tayari kumhutubia mjukuu juu ya wizi wa lugha. Nikakumbuka alivyosema: mapumbaa wawili. Nikanyamaza.

Hebu tulitazame tungo hilo. Mtoto huyu amechukua jina la mhusika mmoja, akaligeuza nomino ya kawaida, akalitia kiambishi cha wingi, kisha akalipatanisha na idadi kwa kiambishi cha viumbe wenye uhai. Hakusema "mapumbaa mawili". Alisema "wawili", na vile ni vipande vya mti! Hakuna mwalimu aliyemfundisha hayo.

Tena njia aliyoipita si ngeni. Neno letu "juha" lilifikaje? Juha ni mhusika wa vichekesho vya Waarabu, mjinga mwenye werevu wake, ambaye visa vyake vimesimuliwa karne nyingi. Waswahili walimsikia, wakampenda, wakamfanya wao. Leo tuna juha, majuha na ujuha, wala hakuna anayekumbuka kwamba hapo mwanzo alikuwa mtu mmoja na jina lake. Kama majuha ni halali, mapumbaa nitawakataza kwa sheria gani?

Isitoshe, mimi mwenyewe ni shabiki wa zamani. Baba alipoleta Taifa Leo nyumbani, sikuanza na siasa wala tahariri. Nilianza na Juha Kalulu, kibonzo cha Edward Gitau, kisha nikalirudisha gazeti likiwa limekunjwa vizuri ili nisijulikane. Kiswahili changu cha kwanza cha kusoma kwa hiari kilitoka midomoni mwa juha huyo, si katika vitabu vya shule. Msomi anayedharau katuni, aghalabu amesahau alikojifunzia kusoma.

Tofauti iko wapi basi? Nilifikiri jambo hili nikiwa nimekalia kiti cha chuma, na jibu nililolipata ni hili. Juha aliingia kwetu pamoja na hadithi zake, zikasimuliwa kwa Kiswahili tangu paukwa hadi mwisho. Alisema, alikula, alidanganya, alidanganywa. Pumbaa alifika na jina tu. Katika katuni hizo kubwa Kiswahili ni iliki kwenye chai: kinanukia, lakini hakishibishi.

Chukua The Lion Guard, mfululizo wa televisheni ulioanza 2016 kuhusu mwana wa Simba. Mle Kiswahili kimezidi, nami nalikiri hilo kwa furaha. Kuna kiboko aitwaye Beshte, fisi aitwaye Janja, fisi mwingine mwema aitwaye Jasiri. Wahusika hupiga makelele ya "hevi kabisa", "zuka zama" na "huwezi". Hayo ni Kiswahili cha mtaani chenye uhai, na aliyeyachagua alikuwa na sikio. Ila ni makelele. Mhusika akishapiga lake, habari yenyewe hurudi kwenye Kiingereza. Mtoto anabaki na mfuko wa vibandiko: anajua kuita, hajui kueleza.

Kwa upande wa pili kuna Ubongo Kids, katuni zilizoanza kuonyeshwa Tanzania mwaka 2014, zinazotengenezwa Dar es Salaam. Michoro yake haing'ari kama ya Marekani, na baadhi ya nyimbo zake hunifanya nitafute mlango. Lakini mle watoto hukosana, hukisia, hukosoa na kupiga hesabu kwa sentensi nzima za Kiswahili. Watengenezaji hao hao wana katuni ya wadogo zaidi, Akili and Me, ya msichana wa miaka minne aishiye chini ya Mlima Kilimanjaro. Nasikitika kwamba jina la kipindi ni la Kiingereza. Lakini tazama kichekesho cha dunia: Akili anachorwa Dar es Salaam, Pumbaa California, na mjukuu wa profesa wa Kiswahili anamjua Pumbaa.

"Babu, kwani pumbaa ina maana?" akaniuliza.

Nikamwonyesha wasafiri wenzetu waliosimama mbele ya skrini ya ratiba, vichwa juu, midomo wazi, wakitumaini kwamba neno "delayed" litajifuta kwa kutazamwa. "Waone wale. Wamepumbaa."

Akacheka. Kisha akaanza kujaribu neno kama mtoto ajaribuye viatu vipya. "Wamepumbaa. Nimepumbaa. Babu amepumbaa." Akanyamaza kidogo. "Simba pia alipumbaa, si ndio? Babake alipokufa. Akakaa tu na kina Pumbaa, akasahau kwao."

Wapenzi wasomaji, nimesoma makala kadhaa za wahakiki juu ya filamu hiyo. Sikumbuki iliyonikuna kama hiyo sentensi. Ni kweli. Katika filamu mwenye jina la Pumbaa yuko macho, anayekula wadudu wake kwa raha. Aliyepumbaa ni Simba, na kilichompumbaza ni hiyo hiyo Hakuna Matata inayouzwa kwenye fulana. Hadithi haisongi mbele mpaka aiache kauli hiyo na kurudi kwao kukabili matata yaliyoko. Dunia nzima inavaa kifuani funzo ambalo filamu yenyewe imelikataa! Na mtoto aliliona hilo dakika mbili tu baada ya kupewa kitenzi.

Hapo ndipo niliposhikwa na aibu. Muda wote wa likizo nilizungumza naye Kiingereza, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu kila nilipoanza Kiswahili alijibu kwa Kiingereza. Nimesimamia tasnifu za fasihi ya watoto. Mjukuu wangu sijamsimulia hata hadithi moja ya sungura na fisi. Halafu naikasirikia kampuni ya ng'ambo kwa kuziba pengo nililoliacha wazi mwenyewe. Disney hawakuliondoa neno "ngiri" kinywani mwa mtoto huyu. Halikuwamo.

Basi nikamwambia: "Paukwa!" Hakujua la kujibu. Nikamfundisha: "Pakawa." Tukaanza na sungura, tukaja kwa fisi, na ngiri nikamtia humo kwa lazima, akiwa na jina lake. Alinikatiza mara nyingi, mara kwa Sheng, mara kwa Kiingereza, lakini vitenzi viliendelea kuingia. Ninakushauri nawe, msomaji: leo jioni muulize mtoto wako jina la mnyama huyo. Akikujibu Pumbaa, usimkemee. Mwongezee sentensi.

Kisa kilikuwa hakijaisha tangazo liliposikika, la Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili. Nilikuwa bado natafuta namna ya kumwokoa fisi kisimani nilipohisi mkono ukinivuta.

"Babu, usipumbae. Tunaitwa."

Hali ya kukanusha amri sikuwa nimemfundisha.