Mkia wa Bata: Namna ya Kuikagua Tezi ya Meli ya Kitalii

Watu wakiiona meli kubwa ya kitalii huitazama omo. Mimi huzunguka nyuma, hasa kwa meli iliyowahi kurudishwa gudini ikaongezwa vyumba na mabwawa ghorofani. Kila tani inayopandishwa juu hukiinua kitovu cha uzito, na meli huzidi kuwa nyepesi kulala upande. Dawa iliyozoeleka ni mkia wa bata, yaani sanduku la chuma lisilopitisha maji, linalochomelewa tezini usawa wa maji. Vivuko vingi vya Ulaya ya Kaskazini viliongezwa mikia au masanduku ya ubavuni ya namna hii baada ya kivuko Estonia kuzama mwaka 1994 na sheria za uthabiti kukazwa.

Mkia hupanua eneo ambalo meli inalikalia majini, kwa hiyo ikiinama hurudishwa kwa nguvu zaidi. Tena huirefusha majini, maji ya chini ya tezi yakapata pa kuagana nayo taratibu, na mafuta yakaokolewa.

Simama deki ya nyuma meli ikiwa kwenye mwendo wake wa safari, uchungulie chini. Penye kazi safi maji hutoka kama shuka linalonyooshwa kitandani, na povu huanzia mbali kidogo na chuma. Ukiona maji yanaupanda ukuta wa tezi, yanazunguka na kuburutwa na meli, ukingo wa mkia umezama mno. Injini zitayavuta maji hayo usiku na mchana.

Kisha shika saa uhesabu mrama: meli ilale kulia, ilale kushoto, irudi ilipoanzia. Yenye upana wa mita 36 na kimo cha metasenta, kipimo cha uthabiti wa meli, cha mita 2 huchukua kama sekunde 20. Kimo kikifika mita 4, ni kama sekunde 14. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wakidhani uthabiti ukizidi ndio ubora. Meli ngumu hujirudi kwa mshtuko. Glasi ya chai humwagika, mzee aliye ngazini hupepesuka. Fundi ninayemheshimu hutimiza akiba ya usalama inayodaiwa na sheria, kisha huuacha mrama uwe mpole.

Usiku, omba ukae kidogo katika chumba cha nyuma kabisa. Mawimbi yakija kwa nyuma, mkia wenye tumbo bapa hupigwa kama ngoma, na kitanda hutetemeka. Ndiyo maana naisifu tezi ya Queen Mary 2, iliyokamilika mwaka 2003. Msanifu wake, Stephen Payne, alihitaji ubapa kwa ajili ya podi nne za rafadha, lakini akauchanganya na mviringo wa tezi za kale ili meli iyapokee mawimbi ya nyuma kwa utulivu.

Pengine tiba bora ni kupunguza uzito wa juu. Grand Princess ya mwaka 1998 ilikuwa na klabu ya usiku iliyoning'inia juu kabisa ya tezi. Mwaka 2011 iling'olewa, lengo likiwa kuisawazisha meli na kubana mafuta. Kwa hiyo kabla hujausifu mkia wowote, shuka gatini usome namba za kina zilizochorwa omoni na tezini uone kama meli imelalia upande mmoja, kisha uulize ni uzito gani uliopandishwa juu hata mkia ukahitajika.