Kiswahili Kiliachwa Mlangoni

Wimbo wa kwanza uliotungiwa gemu kushinda Grammy umeimbwa kwa Kiswahili. Si mzaha, bana. Unaitwa "Baba Yetu", mtunzi ni Mmarekani Christopher Tin, na maneno ni Sala ya Bwana. Ulitoka 2005 kama wimbo wa menyu ya Civilization IV, ukiimbwa na Talisman, kwaya ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Tuzo ilikuja 2011, baada ya Tin kuurekodi upya na Soweto Gospel Choir kwa albamu yake, Calling All Dawns.

Wasee wa gemu wa rika langu, wa Marekani au Ulaya, wakiusikia leo machozi huwa karibu. Wanakumbuka likizo, kompyuta ya sebuleni, na ile "zamu moja tu, nilale" iliyowafikisha alfajiri. Nawaelewa kabisa. Mimi niliujulia kwa kompyuta ya mitumba ya mjomba, gemu ikiwa nakala ya kuchomwa. (Mama huamini gemu hiyo ndiyo iliyonitoa chuoni. Ni karo.) Tofauti ni kwamba wao wanakumbuka sauti. Mimi nasikia maneno.

Na maneno yana utamu wake. Shuleni sala hii tuliisema gwarideni asubuhi, mbio mbio, jicho moja wazi, kama jedwali la kuzidisha. Tin akailetea ngoma, sauti moja ikiita na kwaya ikiitika, kisha okestra nzima ikijaa nyuma yao. Sala niliyofundishwa kuisema nimeinamisha kichwa ikawa ya kuinua kichwa. Sijui mahubiri yaliyowahi kunifanyia hivyo.

Lakini sikio la Mswahili linajikwaa. Sentensi inakatwa katikati: "uliye" inatamkwa, mstari unaisha, na "mbinguni" inabaki nyuma kama abiria aliyeachwa stejini. "Amina" nayo inawahi, hata mkate hatujaomba. Mwalimu wangu wa Kiswahili angemaliza kalamu nyekundu. Mimi nimesamehe. Hata kwaya zetu hukatakata maneno ili yatoshe mdundo, na hatujawahi kuzishtaki.

Gemu yenyewe ndiyo siisamehi.

Tazama menyu ile: sayari yetu inaonekana kutoka angani, Kiswahili kinaimba, kana kwamba ndiyo sauti ya binadamu wote kabla hawajagawanyika. Ukibofya kuanza, wimbo unakatika. Karne zinavyosonga, muziki wa ramani unakuwa Bach, Beethoven, Dvořák, na ukifika zama za sasa ni Mmarekani John Adams. Hata ukicheza Mansa Musa wa Mali, ukivumbua reli unavumbua na okestra ya Ulaya. Ni kweli viongozi wanapokutana kila mmoja ana kipande chake cha muziki, lakini hizo ni salamu tu. Maendeleo yana muziki mmoja. Sisi tunaimba mlangoni, wageni wakishaingia tunaambiwa asante.

Halafu hesabu mataifa. Gemu ilianza na 18. Nyongeza ya 2006 ikaleta Wazulu na Carthage, ya 2007 ikaleta Ethiopia. Waswahili hawamo. Kilwa ilikuwa na sarafu zake na msikiti wa mawe kabla Vasco da Gama hajazaliwa, lakini kwa gemu inayohusu nani alijenga nini duniani, watu wa lugha ile ya menyu hawakujenga kitu.

Tin simlaumu, kazi yake ilikuwa wimbo, na wimbo ni moto. Shida yangu ni hii hamu ya utotoni tunayoisifu sana sisi mashabiki. Haiulizi maswali. Inapenda kitu jinsi kilivyosikika mara ya kwanza, na kama mara ya kwanza hukuelewa neno hata moja, inapenda hata kutoelewa. Nimewahi kuombwa nitafsiri wimbo huu na shabiki wa miaka mingi, nikamwambia ni sala, sala ileile aliyokulia nayo kwao kwa Kiingereza. Alinyamaza kidogo. Akasema afadhali asingejua.

Bado naicheza. Menyu naiacha iimbe hadi mwisho, ndipo nabofya. Nachagua Mali. Mji wa kwanza utakaopata bahari naubadilisha jina, nauita Kilwa, na sauti ya muziki wa ramani naizima.