FANI KAMA PAZIA: Kusoma Upya Vitabu vya Masters na Johnson

Sisi wanafunzi wa fasihi tumefundishwa kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Tunaikariri kauli hii, tunaiandika katika mitihani, halafu tukishika kitabu cha sayansi tunaisahau. Tunadhani kitabu cha sayansi hakina fani. Kina takwimu tu, na takwimu ni kazi ya wenzetu wa upande ule wa kampasi. Katika makala hii nataka kuipinga dhana hiyo kwa kutumia vitabu ambavyo huenda wengine wataona haya kuvijadili humu: vitabu vitatu vya Wamarekani William Masters na Virginia Johnson kuhusu ngono na tiba ya wanandoa. Hoja yangu ni kwamba ile lugha ngumu iliyoviwezesha vitabu hivyo kutoka bila kuitwa vya matusi ndiyo hiyohiyo iliyowazuia wasomaji kuviuliza maswali. Na gharama ya ukimya huo hawakuilipa watunzi peke yao.

Masters alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis. Johnson alijiunga naye mwaka 1957, hana digrii hata moja, na kabla kazi haijaisha jina lake lilikuwa kwenye jalada pamoja na la daktari. (Hili peke yake lingestahili makala. Wahakiki wetu wanaopenda kuhesabu wahusika wa kike katika riwaya wangefaidika kuhesabu pia majina ya kike kwenye majalada ya kitaaluma.) Walichokifanya hakikuwa kimewahi kufanywa kwa kiasi hicho: waliwaweka watu maabara na kupima mapigo ya moyo, pumzi na mabadiliko ya mwili wakati wa tendo lenyewe. Watu 694, wanawake 382 na wanaume 312. Matokeo yakatoka mwaka 1966 katika kitabu Human Sexual Response, kilichochapishwa na Little, Brown wa Boston.

Sasa jaribu kukisoma. Nakuambia, si mchezo. Sentensi ni ndefu, maneno ya Kilatini yamejaa, na vitenzi vingi viko katika kauli ya kutendwa. Hakuna mtu anayefanya kitu. Viungo ndivyo vinavyofanya. Mwanamke aliyelala pale kitandani amepotea, amebaki mfumo wa mishipa unaojaa damu na kupungukiwa. Hata hatua nne maarufu walizozigawa, yaani msisimko, uwanda, kilele na kutulia, zimekaa kama maelezo ya mashine inayopanda na kushuka mlima. Ukitafuta neno la mapenzi utachoka.

Wengine watasema huo ni udhaifu wa uandishi. Mimi nasema hapana, ni mbinu. Watunzi walijua wanaishi katika nchi gani. Alfred Kinsey wa Chuo Kikuu cha Indiana alikwisha kuwatangulia na vitabu vyake vya 1948 na 1953, akaandamwa makanisani na hata katika Bunge la Marekani, na Rockefeller Foundation ikaacha kumpa fedha mwaka 1954. Basi Masters na Johnson wakajivika joho la Kilatini. Hakuna picha, hakuna kichekesho, hakuna kinachoweza kumsisimua mvulana aliyekiiba kabatini kwa baba yake. Tunajua hapa kwetu yaliyoipata Rosa Mistika ya Kezilahabi baada ya kutoka mwaka 1971: ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Rosa Mistika ilisema kwa Kiswahili cha kila siku mambo ambayo kila mtu anayajua. Kitabu cha St. Louis kilisema mengi zaidi, tena kwa vipimo, kikapita mlangoni bila kupekuliwa kwa sababu bawabu hakuelewa kimebeba nini.

Na kikauzika! Kiliingia katika orodha ya vitabu vilivyonunuliwa sana. Watu walinunua wasichoweza kukisoma, na mwaka huohuo wa 1966 waandishi Ruth na Edward Brecher wakatoa kitabu kingine cha kukifafanua kile cha kwanza kwa lugha ya watu. Kwa maneno mengine kitabu cha sayansi kilihitaji sharhi, kama utenzi wa zamani. Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kusimama kidogo. Matini inapohitaji mfasiri ili isomwe, wasomaji wengi wanaijua kwa kusimuliwa, na anayesimuliwa hapati nafasi ya kuuliza "hii mmeipata wapi?"

Kitabu cha kwanza kilihimili hali hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya vipimo vyake ilikuwa ya mwili, na mwili unaweza kupimwa tena na mtu mwingine. Matatizo yanaanza na cha pili, Human Sexual Inadequacy cha mwaka 1970. Hiki si cha vipimo tena. Ni cha tiba.

Tiba yenyewe ilikuwa na busara ndani yake, na sitaki kuipuuza. Mgonjwa si mume wala mke, bali ni ndoa. Kwa hiyo wote wawili huja pamoja. Watibabu nao ni wawili, mwanamume na mwanamke, ili kila mmoja awe na wa kumsemea. Wanandoa hukatazwa kwanza kutimiza tendo, wanapewa zoezi la kugusana tu bila kudaiwa matokeo, woga upungue. Matibabu yalichukua wiki mbili. Wengi walisafiri kwenda St. Louis, wakaacha kazi, watoto na wakwe nyumbani. (Mtu anaweza kuuliza kiasi gani cha uponyaji kilitokana na mazoezi, na kiasi gani na kule kuwa mbali na wakwe kwa siku 14.) Zoezi la kugusana lingali linatumika kwa watibabu wa wanandoa hadi leo.

Lakini kitabu hakikupata sifa kwa mazoezi tu. Kilipata sifa kwa namba. Watu 790 walitibiwa, na kwa jumla walioshindwa walikuwa kama asilimia 20. Tuisome sentensi hiyo kama tunavyosoma shairi, neno kwa neno. Watunzi hawakusema asilimia 80 walifaulu. Walitoa kiwango cha kushindwa, basi. Magazeti ndiyo yaliyofanya hesabu ya kutoa, mia kasoro ishirini, na kutangaza ulimwenguni kwamba watu wanane katika kila kumi wanapona. Watibabu wengine wakaipokea namba hiyo wakaanza kujipima nayo, na wagonjwa wao wasipofikia wanane katika kumi wakadhani wao ndio wabovu. Kumbe asiyeshindwa si lazima awe amefaulu. Mwanafunzi ambaye hakufutwa chuo si lazima awe amepata alama ya A.

Ilichukua miaka kumi kabla mtu hajaliandika hilo kwa ukamilifu. Mnamo Agosti 1980 wanasaikolojia wawili, Bernie Zilbergeld na Michael Evans, walitoa makala katika Psychology Today. Walifanya nini? Hawakuwa na maabara mpya. Walisoma. Walirudi kwenye kitabu na kuuliza maswali ambayo tutor yeyote wa semina angeyauliza: neno "kushindwa" hapa lina maana gani hasa? Kigezo ni kipi? Wagonjwa walichaguliwaje? Walifuatiliwa vipi baadaye? Wakaonyesha kwamba kitabu hakijibu, au kinajibu kwa namna ambayo mtu wa nje hawezi kuirudia kazi ile na kuithibitisha. Robert Kolodny, msaidizi mkuu wa Masters, alijibu mwaka 1981 katika Journal of Sex Research na kutoa maelezo zaidi. Maelezo hayo yalipaswa kuwa ndani ya kitabu tangu 1970.

Kwa nini hayakuwamo? Jibu langu ni la kiuchapishaji. Masters na Johnson walitoa kazi zao kubwa kwa njia ya vitabu. Makala ya jarida la kitaaluma hupita kwanza mikononi mwa wataalamu wengine ambao huirudisha na kusema "fafanua". Kitabu hupita kwa mhariri wa kampuni, na mhariri wa kampuni anataka kiuzwe. Ni kweli mwaka 1966 majarida ya fani hii yalikuwa machache mno: Journal of Sex Research ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, Archives of Sexual Behavior ilikuja 1971, na Journal of Sex and Marital Therapy 1974. Lakini Kinsey naye aliandika vitabu. Tofauti ni kwamba alieleza watu wake aliwapataje, na kwa sababu alieleza, wanatakwimu Cochran, Mosteller na Tukey waliweza kutoa kitabu kizima mwaka 1954 kumkosoa jinsi alivyoichagua sampuli yake. Kukosolewa kwa kurasa zaidi ya mia ni heshima. Maana yake umeacha mlango wazi watu waingie.

Kitabu cha tatu, Homosexuality in Perspective cha 1979, ndicho kinachoniuma. Humo walidai kwamba watu 67, wanaume 54 na wanawake 13, walikuja kliniki wakitaka kuacha mapenzi ya jinsia moja, na kwamba walioshindwa hawakufika theluthi. Fani ni ileile: kushindwa kumewekewa asilimia yenye nukta, na sauti ni tulivu kama ya daktari. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kilikuwa kimekwisha kuliondoa jambo hilo katika orodha ya magonjwa mwaka 1973; kitabu kikatoa hoja mpya kwa waliotaka kuendelea "kutibu". Miaka 30 baadaye, mwaka 2009, Thomas Maier alitoa wasifu wa Masters na Johnson. Anaeleza kwamba wengi wa wafanyakazi wa kliniki hawakuwahi kukutana na wagonjwa hao wa kubadilishwa. Kolodny aliomba kuona mafaili na kusikia kanda, Masters akakataa. Kolodny akaanza kushuku kwamba baadhi ya kesi hizo, kama si zote, hazikuwa za kweli, na Johnson naye alikuwa na wasiwasi kama huo. Kitabu kikatoka hivyohivyo.

Hebu tufikirie waliokiamini. Kijana anapelekwa na wazazi wake kwa mtibabu, mtibabu ana asilimia mfukoni. Kijana habadiliki. Kwa mujibu wa kitabu yumo katika wachache walioshindwa, kwa hiyo kosa ni lake.

Linganisha na kisa cha Robert Spitzer. Mwaka 2003 Archives of Sexual Behavior ilichapisha utafiti wake wa watu 200, waliohojiwa kwa simu, ukidai kwamba baadhi yao walibadilika. Utafiti ulikuwa dhaifu, tena nao uliumiza watu. Lakini jarida liliuweka pamoja na maoni mengi ya wataalamu, wengine wakimshambulia vikali, katika toleo lilelile. Msomaji alipata dai na upinzani wake katika mkono mmoja. Na mwaka 2012 Spitzer aliandika barua, ikachapishwa katika jarida hilohilo, akikiri kwamba maneno ya waliohojiwa hayakuwa na njia ya kuthibitishwa, na akawaomba radhi watu walioathirika. Makala yenyewe haikufutwa, na wapo waliolalamikia hilo. Hata hivyo anayeifungua leo anaweza kukutana na barua. Anayefungua kitabu cha 1979 maktabani anakutana na kimya.

Nimejaribu kuzitafsiri baadhi ya kurasa za kitabu cha 1970 kwa Kiswahili, na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo Kiingereza chake kinalificha. Kwanza ni msamiati wa tendo lenyewe. Ukisema jimai umeingia kwenye vitabu vya fikihi. Ukisema kujamiiana uko kliniki. Ukisema tendo la ndoa umekwisha kuwatoa nje wasio na ndoa. Kila neno lina mwenyewe. Kiswahili hakina Kilatini cha kujifichia, labda Kiarabu kidogo, na hicho nacho bibi yako anakielewa.

Pili, na hili ndilo kubwa, ni lile neno la kushindwa. Kiingereza kinaweza kusimamisha nomino peke yake mezani, bila mtu. Kiswahili nacho kinaweza kusema "kiwango cha kushindwa", lakini ukianza tu kutunga sentensi kamili kitenzi kinadai kiambishi cha mtenda. Alishindwa? Basi ni mume, au mke. Walishindwa? Wanandoa wote, au watibabu wawili. Ilishindwa? Tiba, au ndoa. Nilikaa na ukurasa mmoja jioni nzima nikitafuta kiambishi, na matini haikunipa. Zilbergeld na Evans waliuliza swali hilo kwa njia ya takwimu. Sarufi yetu inaliuliza yenyewe.

Yeyote atakayevitafsiri vitabu hivi atalazimika kuchagua kiambishi, na akichagua atakuwa ameongeza maana ambayo watunzi hawakuiweka. Mimi ningeacha nafasi wazi na kuandika tanbihi. Kuna mwenzangu anayesema hiyo ni dharau kwa matini. Namwalika ajibu katika toleo lijalo, na akija aje na tafsiri yake ya neno la tatu katika jina la kitabu. Upungufu? Udhaifu? Maana haya ndiyo maneno ya mabango yaliyobandikwa kwenye nguzo za umeme kutoka Ubungo hadi Kariakoo, ya upungufu wa nguvu za kiume, yenye namba ya simu na ahadi ya kupona, wala hayasemi nani alipona, lini, na nani alimwuliza.