Cheo cha Mji na Madaraka ya Kijiji

Miongoni mwa maswali yanayorudi kila mara katika madarasa ya itikadi ya Chama, hasa katika mikoa yenye mji mmoja mkubwa na wilaya nyingi za wakulima, ni hili: mji wetu utapandishwa hadhi lini? Swali hili huulizwa Moshi, huulizwa Same na Mwanga, na sasa limepanda mlima hadi Ngujini, ambako hakuna mji wala dalili ya mji, bali migomba, kahawa na njia za kushukia tambarare. Wanaouliza si watu wabaya. Wengi ni viongozi wa matawi na vijana waliosoma, nao wanataka maendeleo. Lakini swali lenyewe limebeba mawazo ambayo hayana budi kuchambuliwa, kwa sababu yametukalia vichwani bila kupitishwa na kikao chochote.

Wazo lililo chini ya swali hilo ni kwamba mahali pana vyeo kama watu walivyo na vyeo jeshini. Chini kabisa kiko kijiji, juu yake mji mdogo, kisha mji, kisha manispaa, na kileleni jiji. Aliye kijijini ni kuruta. Lazima atamani kupanda. Mwenye mawazo hayo hajiulizi kijiji kinapanda kwenda kufanya nini huko juu, na kinaacha nini chini.

Ngazi hii haikuvumbuliwa na wakulima. Sheria ya miji iliyoletwa na Waingereza mwaka 1920 na ile ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926 ziliigawa nchi mara mbili. Mjini palikuwa pa wenye mali, maduka na majumba. Walitungiwa taratibu za taka, barabara na taa. Mashambani palikuwa pa wenye mikono. Walitungiwa taratibu za kodi. Dar es Salaam ilipofanywa manispaa mwaka 1949, mkulima wa Upare hakuambiwa amepata nini katika sherehe ile, na kwa kweli hakupata kitu. Hata joho na mkufu ambao mameya wetu wanavaa hadi leo vilitoka katika miji ya Uingereza, na bado hatujasikia mtu akieleza vinasaidiaje kuzoa taka.

Upare inayo historia yake katika jambo hili, nayo ni historia ambayo vijana wetu wengi hawaisomi. Katika miaka ya 1940 mamlaka ya wenyeji, kwa baraka za serikali ya kikoloni, ilileta kodi ya kupimiwa iliyoitwa mbiru. Badala ya kila mtu kulipa kiasi kimoja, mali ya kila mmoja ilikadiriwa, na kodi ikawekwa kufuatana na makadirio. Kwa maneno matupu hili lingeweza kuonekana jambo la haki, kwa kuwa mwenye kingi anatoa kingi. Lakini nani alikadiria? Nani aliulizwa? Ilikuwa ni makadirio ya watawala juu ya shamba la mtu ambaye hakuwa na kauli. Mwaka 1945 watu walishuka milimani kwa maelfu, wakaenda Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi huko kwa muda mrefu. Wanawake nao hawakubaki nyuma. Wale wa Usangi waliingia katika mapambano haya kwa ujasiri ambao uliwashangaza wakoloni. Mwishowe mbiru ikafutwa. Profesa Isaria Kimambo aliliandikia jambo hili kijitabu mwaka 1971, na kila mkufunzi wa Chama katika wilaya za Same na Mwanga angepaswa kukisoma kabla ya kusimama mbele ya darasa.

Tuangalie vizuri walichodai watu wale. Hawakukataa kulipa kodi. Walikuwa tayari kulipa ile ya kawaida. Walikataa kutozwa na chombo wasichokuwa na sauti ndani yake. Wala hawakwenda Same kuomba Same iwe mji mkubwa. Kwao Same ilikuwa mahali ambapo maamuzi juu ya mashamba yao yalifanyika bila wao, na ndiyo maana waliikalia.

Baada ya uhuru, Chama kilianza kuuvunja mgawanyo huo wa kikoloni. Utawala wa machifu uliondolewa mwaka 1963. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya waziwazi kwamba mji unaweza kumnyonya mkulima: mkopo unatumika mjini, na anayeulipa ni mkulima kwa mazao yake. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikakifanya kijiji kuwa chombo kinachosajiliwa. Lakini katika kipindi hicho hicho palitokea jambo ambalo lazima lisemwe. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa kwa jina la madaraka mikoani, na mwaka uliofuata mabaraza ya miji yakafuata. Madaraka yalipelekwa mikoani, naam, lakini yalikwenda mikononi mwa watendaji. Mwalimu mwenyewe alikuja kukiri, katika miaka ya 1980, kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika lilikuwa kosa.

Ukosoaji wetu hauishii hapo. Tazama namna kosa lile lilivyosahihishwa. Mabaraza ya miji yalirudishwa kwa sheria ya mwaka 1978, baada ya kuonekana kwamba mifereji imeziba, taka zimejaa na kipindupindu kimeingia. Halmashauri za wilaya, yaani za wakulima, zilisubiri sheria za mwaka 1982, na zikaanza kazi mwaka 1984. Katika nchi iliyotangaza kwamba msingi wake ni kijiji, mji ulirudishiwa baraza lake miaka sita kabla ya mkulima! Hakuna aliyekaa akapanga kumdhulumu mkulima. Ni kwamba uchafu wa mjini unaonekana na wakubwa, na dhiki ya mlimani haionekani.

Tangu hapo vyeo vimeendelea kugawiwa. Dar es Salaam ilikuwa jiji tangu 1961. Mwanza ikafuata mwaka 2000, kisha Mbeya, Tanga na Arusha. Dodoma, ambayo Chama kiliamua mwaka 1973 iwe makao makuu, ilitangazwa jiji Aprili 2018. Mwezi Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na Manispaa ya Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Mkazi wa Buguruni alilala katika manispaa akaamka katika jiji. Mkazi wa Temeke alilala ndani ya jiji akaamka nje yake. Mfereji mbele ya nyumba zao ulikuwa ule ule. Jirani zetu wa Kenya nao wako katika mwendo huo: Nakuru ilipewa hati ya jiji Desemba 2021, na Eldoret Agosti 2024.

Turudi Kilimanjaro. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 221,733 katika Manispaa ya Moshi, 300,303 katika wilaya ya Same, na 148,763 katika wilaya ya Mwanga. Kwa hesabu ya vichwa, basi, Same inaishinda Moshi. Lakini kinachotafuta ujiji ni Moshi. Kwa nini? Kwa sababu katika ngazi hii hawahesabiwi watu, bali msongamano wa watu. Watu laki tatu waliotawanyika mlimani na tambarare, wanaolima tangawizi, mahindi na mpunga, hawahesabiki kuwa kitu mpaka wasongamane kando ya barabara kuu. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga, iliyofika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilipita chini tambarare kwa ajili ya mkonge, na mpaka leo tunakiita maendeleo kile kilichoifuata reli.

Sasa tufike kwenye kiini. Moshi inapotaka kuwa jiji inagongana na ukweli kwamba eneo lake ni dogo, na njia ya kulipanua ni kuchukua vijiji vya jirani. Mji wowote unaopanda ngazi hukutana na jambo hilo hilo. Je, kijiji kinapoingizwa ndani ya mipaka ya mji kinapoteza nini?

Kwa sheria namba 7 ya mwaka 1982, kijiji kina Mkutano Mkuu, ambao ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Huo ndio wenye kauli ya mwisho katika mambo ya kijiji. Kijiji kina halmashauri yake ya watu 15 hadi 25. Halmashauri hiyo ni mtu mbele ya sheria: inaweza kumiliki, kushtaki na kushtakiwa, na inaweza kutunga sheria ndogo. Kwa sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999, inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya Mkutano Mkuu. Mtu wa Ngujini anashikilia shamba lake kwa haki ya kimila, haki isiyo na ukomo wa miaka.

Mjini hakuna kijiji. Kuna mtaa. Mtaa una mwenyekiti aliyechaguliwa na kamati ndogo, lakini hauna nafsi mbele ya sheria, hautungi sheria ndogo, wala hauna ardhi ya kusimamia. Hata katika mji mdogo, kinachobaki chini ni kitongoji. Ardhi inaingia katika mipango ya mji, inapimwa viwanja, na haki mpya inakuja kwa hati yenye ukomo, isiyozidi miaka 99, pamoja na pango la kila mwaka. Yule aliyekuwa mwenye kauli juu ya ardhi anakuwa mwombaji wa kiwanja katika ofisi ya ardhi. Asipokuwa na fedha za kupimiwa, atauza kwa mwenye nazo. Hivyo ndivyo tabaka la wapangaji na wapangishaji linavyozaliwa, bila risasi na bila tangazo, katika hafla ambayo watu wamevaa fulana na wanapiga vigelegele.

Na msaragambo je? Kazi ile ya pamoja ambayo Wapare walijengea shule, mifereji, ndiva na barabara za milimani ilikuwa na nguvu kwa sababu walioiitisha, waliofanya kazi na wanaotumia matunda yake walikuwa watu wale wale wenye mkutano mmoja. Kitongoji kisichoamua chochote kitaitisha msaragambo kwa mamlaka gani?

Baadhi ya wenzetu hujibu kwamba mji ukipanda hadhi hupata mapato yake wenyewe. Jibu hili lilikuwa na uzito zamani kuliko sasa. Kodi ya majengo, ambayo ndiyo kodi ya mji hasa, ilihamishiwa Mamlaka ya Mapato katikati ya miaka ya 2010, na tangu 2021 inakatwa mtu anaponunua umeme. Baraza la manispaa haliikusanyi. Linalobaki mikononi mwa halmashauri ni ada, leseni na ushuru, na katika wilaya za wakulima ushuru maana yake ni ushuru wa mazao. Kwa hiyo yule yule anayeshuka na gunia ndiye anayelipia taa za barabara za makao makuu ya wilaya, kisha jioni anapanda mlima gizani.

Wengine hutuuliza kama tunapinga miji. Hapana. Mambo ya mwaka 1973 yalionyesha kwamba mji usio na chombo chake huoza. Watu wa Mwanga na Same wanahitaji maji, mpango wa makazi na machinjio safi, na wanastahili kuvipata. Lakini mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaovuta maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu na uliozinduliwa Machi 2025 baada ya kusubiriwa miaka mingi, haukungoja mji wowote upande cheo. Ulingoja fedha na usimamizi.

Tunachokipinga ni kumpeleka mwanakijiji mjini akiwa amelala. Mtaa ukipewa mkutano wenye madaraka kama ya kijiji, sehemu kubwa ya hoja yetu itakwisha, na hakuna sababu ya kiitikadi ya kuunyima madaraka hayo. Sababu iliyopo ni ya kirasimu tu, kwamba ofisi ya mjini haipendi kuulizwa na watu wa mtaani. Mpaka hapo, kila ombi la kupanua mipaka lianzie katika Mkutano Mkuu wa kila kijiji kinachoguswa, na wananchi waelezwe kwa lugha nyepesi kuhusu ardhi, pango na kuondoka kwa mkutano wenyewe, kabla ya kuelezwa kuhusu lami.

Maombi ya namna hii hupitia vikao vya chini kabla ya kufika wilayani na mkoani, na muhtasari huandikwa. Tumeona mihtasari mingi yenye sentensi moja tu: wajumbe waliridhia. Makatibu wa matawi huko Ngujini na kote Upare waisimamie mihtasari hiyo. Iandikwe walikuwa wangapi kati ya wangapi, wanawake wangapi, nani aliuliza kuhusu shamba lake, na afisa aliyetoka wilayani alimjibu nini.