Mgao wa umeme usiotangazwa

Msomaji, hebu tuanze na jambo unalolijua. Desemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika, na haukurudi hadi Machi 2010. Mwaka 2008 tulikuwa tumeshakaa gizani karibu mwezi mzima. Mimi nilikuwa bado skuli, nadurusu kwa kandili, macho yanawasha kwa moshi. Dhiki ilikuwa kubwa, lakini haikuwa na fumbo. Toka Darajani hadi Makunduchi kila mtu alijua kwamba hitilafu iko kwenye njia ya umeme unaotoka bara kupitia chini ya bahari. Mwenye jenereta akanunua mafuta, asiyekuwa nayo akabeba ndoo kwenda kisimani.

Sasa chukua laptopu yako. Nayo ina mgao wake wa umeme humo ndani, unaobadilika mara nyingi kwa sekunde moja, na hakuna aliyewahi kukutangazia ratiba. Huo ndio mgao ninaotaka kuulaumu leo.

Laptopu yangu niliinunua ikiwa imeshatumika, kama wengi wetu. Masika iliyopita umeme ulicheza usiku, chaja ikaungua. Asubuhi nikaenda Darajani nikapata nyengine kwa shilingi 25,000. Pini inaingia, taa inawaka, nikashukuru. Jioni nikaendesha programu yangu ya kuchambua joto la maji kwenye mashamba ya mwani ya Paje. Kazi iliyozoea kuchukua dakika 40 ikapita saa mbili, na bado.

Fundi akaniambia, "Dada, hii virusi." Akafuta kila kitu, akapakia Windows upya, akachukua 20,000 yake. Hakuna kilichobadilika. "Basi ubao umechoka. Tafuta mteja uiuze mapema." Nikamwamini, na mteja nikampata, tukafikia hadi bei. Kilichoniokoa ni bahati tu: siku moja niliazima chaja ya mwenzangu wa meza ya pili, na dakika ile ile nikasikia feni inavuma. Sauti hiyo sikuwa nimeisikia wiki tatu.

Kumbe mashine ilikuwa nzima. Chaja za baadhi ya laptopu zina waya wa ziada, mwembamba, ambao kazi yake ni kujitambulisha: mimi ni chaja ya wati 65, mimi ni ya 90. Chaja ya kuiga mara nyingi haina cha kujibu. Mashine ikikosa jibu inachukua tahadhari: inaweza kukataa kujaza betri, na inaivuta prosesa hadi chini kabisa, kwa kawaida mapigo milioni 800 kwa sekunde, pengine 400, badala ya bilioni mbili au tatu. Hapo hata ukifuta Windows mara kumi, unasafisha sebule wakati bomba limefungwa barabarani.

Niwe mkweli: tahadhari hiyo ina akili. Na mgao wenyewe, kwa jumla, ni uhandisi mzuri sana. Umeme unaoliwa na prosesa hufuata, kwa makadirio, kasi ya mapigo ikizidishwa na volti, kisha ikizidishwa na volti tena. Punguza kasi kwa asilimia 20, na volti kwa asilimia 20 (kasi ndogo huruhusu volti ndogo), utapata 0.8 mara tatu ikizidishwa kwa yenyewe, yaani kama 0.51. Umetoa sadaka sehemu moja ya tano ya kasi, umeokoa karibu nusu ya umeme. Ndiyo maana betri inafika jioni.

Joto nalo lina hesabu yake, na hii inatuhusu sisi hasa. Prosesa nyingi za laptopu hujizuia zisipite nyuzi 100 hivi. Kasi ya joto kutoka ndani kwenda nje hutegemea tofauti baina ya prosesa na hewa. Kwenye chumba cha nyuzi 20 tofauti ni 80. Kwenye chumba cha Mji Mkongwe wakati wa kaskazi, dirisha wazi, nyuzi 33, tofauti ni 67. Kwa feni ile ile unaweza kutoa asilimia 84 tu ya joto lile. Kwa hiyo namba ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi, ikiwa ilipimwa penye baridi, kwetu ina upungufu hata kabla vumbi na chumvi ya bahari havijaingia kwenye feni. Sijaona tangazo la laptopu linalotaja joto la chumba.

Lawama yangu iko kwenye ukimya. Januari 2000 Intel ilipoleta SpeedStep kwenye Pentium III za laptopu, mambo yalikuwa mawili tu: kasi moja ukiwa ukutani, nyengine ukiwa kwenye betri. Mtu aliweza kulielewa hilo kwa sentensi moja. Kufika 2015, prosesa za kizazi cha sita zilipewa uwezo wa kujichagulia kasi zenyewe, bila kusubiri mfumo endeshi. Kila hatua ilileta ufanisi, na kila hatua ilimsogeza mwenye mashine mbali zaidi na maamuzi.

Tena kanuni zinabadilika ukiwa umelala. Mwaka 2017 apdeti ya Windows 10 ilianza kuzibana programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia ili kuokoa betri. Desemba 2019 watafiti wa vyuo vya Birmingham, Leuven na Graz walionesha, kwa shambulio walilolipa jina Plundervolt, kwamba mtu anaweza kuchezea volti ya prosesa za Intel na kuvujisha siri. Marekebisho yakaja, na sawa, yalihitajika. Lakini waliokuwa wakipunguza volti kwa hiari yao ili mashine isichemke, wengi wao wakafungua laptopu asubuhi wakakuta mlango umefungwa. Linux nako kuna neno "powersave" ambalo kwa dereva mmoja maana yake ni kubaki kasi ya chini kabisa, na kwa mwengine ni kupanda na kushuka kufuata kazi. Neno moja, tabia mbili! Na mwaka 2020 toleo la 5.7 likabadilisha namna dereva wa Intel anavyoanza kwenye prosesa za zamani, ambazo ndizo tunazouziwa sisi.

Usiseme haiwezekani kueleza. Julai 2018 wateja wa MacBook Pro mpya walipima wakakuta prosesa ya i9 inashuka kasi kuliko walivyoahidiwa. Baada ya siku chache Apple ilikiri kwamba kuna ufunguo wa kidijitali uliokosekana kwenye programu ya ndani, ikaomba radhi na kutoa marekebisho. Wale walikuwa wateja wa mashine mpya, wenye kamera na wasikilizaji. Mwenye laptopu ya mkono wa pili Mlandege anamlalamikia nani?

Ninachodai ni sentensi moja kwenye kioo: "Nimepunguza kasi kwa sababu chaja siitambui." Haki isemwe, yangu ilikuwa na onyo kama hilo wakati wa kuwaka, kwa Kiingereza, na mwenye wa kwanza alikuwa amelizima kwenye mipangilio. Onyo la kuonekana mara moja, tena linaloweza kuzimwa milele, si tangazo.

Kwa sasa, kabla hujamlipa mtu, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua ukurasa wa utendaji, kisha ipe mashine kazi nzito. Kasi ikiganda kwenye 0.4 au 0.8 wakati matumizi yako juu, chomoa chaja, usubiri, utazame tena. Ikipanda, tatizo umelishika mkononi. Isipopanda, angalia feni, kisha apdeti ya mwisho ni ya lini.

Yule fundi nilimrudia. Alicheka, akaniuliza nimejuaje, tukafungua pamoja chaja yangu ya 25,000 kwa bisibisi. Ndani, pale pa waya mwembamba, hapakuwa na kitu.